Dharura za Meno Mkiwa Mbali na Hospitali

Hotuba kwa viongozi wa misafara ya milimani, nyikani na baharini

Ndugu Mwenyekiti, ndugu viongozi wa misafara, na nyinyi nyote mnaolala mahemani kwa hiari yenu, nawashukuru kwa kunikaribisha. Ratiba imeniweka baada ya mada ya mifupa iliyovunjika na kabla ya chakula cha mchana. Nafasi nzuri. Mtu mwenye njaa hana haja ya kuelezwa meno ni ya kazi gani.

Nianze na msemo ambao kila mmoja wenu ameshausikia. Mtu akishika shavu tu, wa pembeni yake anamwambia: dawa ya jino ni kung'oa. Nawaona mnacheka. Kliniki msemo huo hauna ubaya sana, kwa sababu anayeng'oa ana sindano ya ganzi, ana picha ya eksirei, na ana pa kukimbilia mambo yakiharibika. Mkiwa mwendo wa siku tatu kutoka barabara iliyo karibu, msemo huo huo unaweza kumgeuza mgonjwa wa jino kuwa mgonjwa wa kubebwa kwenye machela.

Gego la chini lina mizizi miwili, la juu kwa kawaida lina mitatu, tena imetanuka ndani ya mfupa. Ukilikamata kwa koleo la kukazia nati, linakatika usawa wa ufizi. Mizizi inabaki, uchungu unabaki, na juu yake umeongeza kidonda kinachovuja damu. Magego ya juu yana balaa jingine: juu kidogo ya mizizi yake kuna sinasi, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa uso, na kipande cha mzizi kikisukumwa vibaya kinaweza kuingia humo. Kwa hiyo koleo libaki kwenye boksi la vifaa, lirekebishe jiko.

Sasa neno langu la leo, na mengine yote yananing'inia hapo: ukali wa maumivu haukuambii ukubwa wa hatari. Jino linalompigisha mtu kelele usiku kucha mara nyingi linaweza kungoja. Yapo mengine yasiyouma sana, au yaliyoacha kuuma, ambayo hayangoji hata kidogo. Kiongozi wa msafara hatakiwi kuwa daktari wa meno. Anatakiwa ajue lipi ni lipi.

Tuangalie hilo la kelele kwanza. Katikati ya jino kuna chumba kidogo chenye mishipa ya damu na ya fahamu, tunakiita kiini. Uozo ukikikaribia, kiini kinavimba, lakini hakina pa kuvimbia, maana kimezungushiwa ukuta mgumu pande zote. Shinikizo linapanda humo ndani, na mtu mzima mwenye ndevu zake analia. Akilala, damu inazidi kuelekea kichwani na maumivu yanapanda. Ndiyo maana jino huchagua usiku. Mwinueni kichwa, hata kwa kumwekea mkoba chini ya mabega.

Ipo namna ya kulipima bila kifaa chochote. Mpe maji baridi. Kama uchungu unamjia na kuondoka ndani ya sekunde chache, kiini kimeudhika lakini huenda bado kikapona. Kama unabaki nusu dakika au zaidi, au unakuja wenyewe bila kuguswa, kiini hicho hakitapona chenyewe. Na ukimwona mtu amekumbatia chupa ya maji baridi, anapiga funda kila mara kwa sababu ndiyo nafuu pekee aliyobaki nayo, jua kiini kinaelekea kufa.

Kisha siku moja uchungu unakatika ghafla. Kambi nzima inashangilia, na mgonjwa mwenyewe anaomba msafara uendelee. Hapo ndipo mimi ninapoanza kuhesabu siku. Kiini kimekufa, na bakteria sasa wana njia ya wazi kupitia ncha ya mzizi hadi kwenye mfupa wa taya. Uvimbe unaweza kuja wiki hiyo hiyo au baada ya miezi. Mtu huyo msimwandike kwenye daftari kuwa amepona. Mwangalieni uso kila asubuhi.

Kungoja kwenyewe kunawezekana. Mwanaanga Yuri Romanenko alipata jino bovu akiwa angani, kwenye kituo cha Salyut 6, katika safari ya siku 96 iliyoanza Desemba 1977 na kumalizika Machi 1978. Huko hakuna kliniki wala helikopta. Aliteseka, akavumilia, akatua, akatibiwa. Nyinyi mna nafasi nzuri kuliko yake, kwa sababu mnaweza kubeba vitu vichache na kujua namna ya kuvitumia.

Kabla ya dawa yoyote, mwangalie. Mkalishe akielekea mwanga, vaa glavu, washa tochi ya kichwani, vuta shavu kwa kidole kimoja. Halafu pitisha uzi wa kusafishia meno pande zote mbili za jino analolilalamikia. Msidharau hatua hii. Unyuzi wa nyama au ganda la mbegu likinasa kati ya jino na ufizi kwa siku mbili, mtu ataapa kwamba jino limeoza. Uzi unapita, kitu kinatoka, anasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, na baada ya muda si mrefu anaulizia chakula.

Kama si hilo, gonga meno taratibu kwa mpini wa kijiko, moja baada ya jingine. Linalomfanya aruke ndilo lenye shida kwenye mzizi. Kama magego yote ya juu ya upande mmoja yanauma kwa pamoja, pua imeziba na akiinama maumivu yanaongezeka, basi huenda mwenye kosa ni sinasi na meno yamesingiziwa. Milimani na kwa wapiga mbizi hilo hutokea, maana hewa iliyofungiwa kwenye uwazi wowote hutanuka na kusinyaa kadiri shinikizo la nje linavyobadilika. Jino lililozibwa vibaya na kuachiwa upenyo wa hewa chini ya kizibo hufuata kanuni hiyo hiyo, na anayepanda juu au kuzama chini huihisi bila kusoma fizikia.

Dawa za maumivu sasa. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine la kiafya, ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na parasetamoli ya miligramu 500 hadi 1000, zikinywewa kwa wakati mmoja, hutuliza jino vizuri sana, mara nyingi kuliko dawa kali za jamii ya afyuni. Parasetamoli isizidi miligramu 4000 kwa saa 24. Ibuprofeni ya kiasi hicho isizidi mara tatu kwa siku kama hakuna daktari aliyeagiza vinginevyo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au mwenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, aikwepe ibuprofeni, atumie parasetamoli peke yake. Na mtu aliyekaukiwa maji kwa kutembea juani anyweshwe kwanza, ndipo afikiriwe kupewa ibuprofeni, la sivyo mnazitwika figo mzigo wa pili.

Dawa inamezwa. Narudia: inamezwa. Niliwahi kupokea mgonjwa aliyeshushwa kutoka mlimani, ufizi na shavu kwa ndani vimekuwa vyeupe, ngozi inabanduka vipande vipande ukiigusa kwa pamba. Mwenzake wa hemani alimshauri aweke kidonge cha aspirini kando ya jino, akibane kwa shavu, alale nacho. Aspirini ni asidi. Iliunguza kila kilichokuwa karibu nayo, na jino likaendelea kuuma kama vile hakuna kilichotokea.

Mafuta ya karafuu ni habari nyingine, hayo nayakubali. Ndani yake kuna eujenoli, kitu kile kile ambacho madaktari wa meno huchanganya na unga wa oksidi ya zinki kupata kizibo cha muda. Lakini yanataka adabu. Tone moja kwenye kipande cha pamba kidogo kuliko punje ya mchele, kikamue, kiingize ndani ya tundu la jino kwa kibano, na kisiguse ufizi. Ukimimina mafuta mdomoni, utamwunguza kama yule wa aspirini.

Kizibo kikidondoka, au jino likimeguka na kuacha ncha inayokata ulimi, kazi ni kufunika. Dawa ya kuzibia ya muda huuzwa kwenye kikopo au kijitubu kidogo, iwe mkobani. Safisha tundu kwa maji, likaushe kwa pamba, jaza, mwambie aume meno pamoja wakati bado laini, kisha ondoa kilichozidi. Hii ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Kizibo kikikaa juu kuliko meno mengine, kila akitafuna anakipiga, na kesho jino linauma zaidi ya jana. Msipokuwa na dawa hiyo, nta safi iliyolainishwa kwa vidole, au ubani wa kutafuna usio na sukari, utasaidia siku moja mbili.

Jino lililovunjika lichunguzeni katikati ya mvunjiko. Mkiona weupe au unjano, hiyo inasubiri. Mkiona doa jekundu au la waridi, kiini kimefunguka. Lifunikeni na mgeuze ratiba ili amfikie daktari mapema, siku moja au mbili zikiwezekana. Kipande mkikipata, kiwekeni kwenye maji, mara nyingi kinaweza kugandishwa tena. Msipokipata, tafuteni ndani ya mdomo uliochanika, maana hupenda kujizika humo. Na kama tangu aanguke amekuwa akikohoa au kupumua kwa mluzi, kipande kinaweza kuwa kifuani. Huyo ni wa kushushwa.

Nimefika kwenye jambo ninalotaka kulitumia muda: jino la mtu mzima lililong'oka zima, na mzizi wake, kwa kuanguka au kupigwa na jiwe. Mara nyingi haliumi sana. Damu inatoka, mtu ameduwaa, kila mmoja anatazama damu, na jino liko majanini linakauka. Hapa dakika zina maana kuliko siku. Kwenye mzizi kuna seli hai, zile zilizokuwa zikilishikilia jino kwenye mfupa. Jino likirudishwa ndani ya dakika 15 hivi, seli hizo zina nafasi kubwa ya kuishi. Likikaa kavu dakika 60, zimekufa. Jino bado linaweza kurudishwa, lakini litagandamana na mfupa na mwili utaula mzizi kidogo kidogo. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Basi lipiganieni hilo la asili.

Kwanza kabisa, mtazameni mtu kabla ya jino. Kipigo kilichong'oa jino kimepita kwenye kichwa na shingo. Alizimia? Anajua yuko wapi? Shingo inauma? Meno yake yakifunga yanakutana kama zamani, au taya limehama? Majibu yakiwa mabaya, jino linakuwa jambo la pili.

Kama yuko sawa, mmoja alitafute jino, na akiliona alishike upande wa kutafunia. Mzizi usiguswe, usisuguliwe, usipanguswe kwa shati. Likiwa chafu, lisuuzwe taratibu kwa maziwa, kwa maji ya chumvi ya dripu, au kwa mate ya mwenyewe; mkiwa na maji safi tu, sekunde chache zinatosha. Mgonjwa asukutue damu iliyoganda. Linganisha na jino la jirani: upande wenye mbinuko unatazama nje, kwenye midomo, upande wenye bonde unatazama ulimi. Liingize kwenye shimo lake, sukuma polepole kwa kidole gumba. Likigoma usilazimishe, lizungushe kidogo sana ujaribu tena. Likikaa, utaona limelingana na wenzake. Aume kitambaa safi kilichokunjwa, alishikilie hivyo. Mkiwa na dawa ya kuzibia, ipakeni mbele ya jino hilo na majirani zake wawili ili lisiyumbe. Vyakula laini tu, na aondoke kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu linahitaji kufungwa vizuri kwa takriban wiki mbili na kiini chake kushughulikiwa. Muulizeni pia habari za chanjo ya pepopunda.

Mkishindwa kulirudisha, lisikauke. Maziwa ni mazuri, lakini nani hubeba maziwa mlimani? Ila pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, kila mkoba wa huduma ya kwanza unayo, na maji yake yaliyochanganywa sawasawa yanafaa kuhifadhia jino. Karatasi laini ya nailoni ya kufungia chakula inafaa pia, ukilifunga jino humo lisipoteze unyevu. Vyote vikikosekana, mgonjwa ateme mate kwenye kikombe kidogo, jino litumbukizwe humo. Maji matupu yawe chaguo la mwisho kabisa.

Meno ya utoto hayarudishwi. Kamwe. Ukilisukuma, unaweza kuliumiza la ukubwani linaloota chini yake. Mtoto chini ya miaka sita akipoteza jino la mbele, msimamishieni damu, mbembelezeni, basi.

Na damu husimama kwa subira. Shashi iliyokunjwa nene, aiume kwa nguvu dakika 20 bila kuichungulia. Wanaofunua kila dakika mbili kuangalia kama imekauka ndio wanaokaa na damu hadi jioni.

Sasa uvimbe. Hapa sitatania.

Kijipu kidogo kwenye ufizi, kama kipele, kinachotoa usaha wenye chumvichumvi mdomoni, hakifurahishi, lakini usaha umepata pa kutokea. Maji ya chumvi ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, dawa za maumivu, mpango wa kumwona daktari. Msiukamue wala kuuchoma kwa sindano ya kushonea hema. Shavu lililoumuka, homa na kutetemeka ni hatua nyingine: safari ya mtu huyo imekwisha, hata kama anasema hajisikii vibaya. Ikiwa daktari wa msafara aliwaachia antibayotiki kwa ajili ya hali kama hiyo, aanze kuzitumia baada ya kuulizwa kama ana mzio wa penisilini, lakini zinywewe njiani. Jipu la jino linatibiwa kwa kulitoa usaha na kuondoa chanzo chake, na vidonge peke yake huwadanganya watu kwa siku mbili tatu. Na kwa jino linalouma tu bila uvimbe wala homa, antibayotiki hazina kazi yoyote. Acheni kuzigawa kama peremende.

Hatua ya mwisho ni ile aliyoieleza daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na hadi leo ina jina lake. Maambukizi ya gego la chini yanashuka chini ya ulimi na chini ya kidevu, pande zote mbili. Shingo chini ya taya inakuwa ngumu kama ubao. Ulimi unanyanyuliwa juu na nyuma. Mgonjwa hawezi kufungua mdomo vizuri, hamezi hata mate yake, yanamchuruzika. Sauti inakuwa nzito, kana kwamba kuna kitu cha moto mdomoni. Anakataa kulala chali. Msimlazimishe, kwa sababu akilala ulimi unaziba njia ya hewa. Mwacheni aketi, ameinamia mbele. Piteni kwenye redio au simu ya setilaiti mwombe uokoaji usiku huo huo, na mtamke wazi kwamba njia ya hewa iko hatarini. Mkisema "mgonjwa wa jino", wataahirisha mpaka asubuhi. Uvimbe wa juu unaopanda mpaka kope zikafunga jicho nao ni wa namna hiyo hiyo, kwa sababu unaweza kusafiri hadi kwenye mishipa iliyo nyuma ya jicho.

Kinga sitaiongelea kirefu, mnaijua na hamuifuati. Kaguliwa meno wiki kadhaa kabla ya safari, wala si siku moja kabla, maana jino lililoguswa leo linaweza kuamka kesho kutwa. Programu za utafiti za Antaktika hazimpeleki mtu kule bila ukaguzi wa meno, na zina sababu. Vitafunio vilivyoganda kwa baridi vipashwe moto ndani ya koti kabla ya kuumwa. Karanga na chokoleti zilizoganda zimevunja magego ya watu wenye afya. Vinywaji vya sukari msivinywe funda funda kutwa nzima. Na mswaki haukai likizo kwa sababu mko porini.

Nimeletewa maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza: kofia ya jino, lile ganda la bandia linalolifunika, ikitoka, inafaa kuibandika kwa gundi ya viatu? Hapana. Gundi hizo zinaunguza, na zinaigandisha kofia mahali pabaya. Isafishe, ijaribu ikae sawasawa, kisha ishike kwa dawa ya muda au hata dawa ya mswaki kidogo. Usiku, kama inacheza, itoe, usije ukaivuta kifuani ukiwa usingizini.

La pili limeandikwa na mtu mwenye hasira kidogo: "Na kama mgonjwa mwenyewe anatuomba tumng'oe?" Atawaomba. Mpeni dozi kamili ya dawa nilizozitaja, mkae naye nusu saa zianze kufanya kazi, mumwinue kichwa, muweke pamba ya karafuu kama tundu lipo, kisha mwulizeni tena.

Pale mezani kuna mataya ya plastiki yenye meno yanayotoka na kurudi. Njooni wawili wawili kabla ya kula, kila mmoja alirudishe jino la mbele mara mbili, ya pili akiwa na glavu na taa za ukumbini zimezimwa, kwa tochi ya kichwani.